Moto wa Nyika na Miadi ya Maua

Wahenga walinena kwamba moto huzaa jivu, wakimkusudia mwana asiyerithi sifa za babaye. Lakini aliyepata kutembea katika misitu ya miombo ya Tabora au Katavi mwishoni mwa kiangazi, wiki mbili tatu baada ya moto kupita, atashuhudia kwamba moto wa nyika huzaa na maua pia. Dai langu ni kwamba moto huo, kwa dhati yake, si adui wa mimea wala si rafiki yake. Kinachoamua kama utaleta maua na matunda au utayafisha ni wakati uwakapo, na kwa sababu hiyo sheria inayoukataza mwaka mzima na mazoea ya kuuwasha siku yoyote yamekosa mizani sawasawa.

Tuanze na neema yake. Mtu akiinama juu ya ardhi iliyoungua, majivu yakali yakimchafua vidole, huenda akaona vichala vya maua madogo ya manjano iliyofifia vikichomoza udongoni, aghalabu bila ya jani hata moja. Huo ni Lannea edulis, mmea mfupi usiofika kiunoni mwa mtu, ambao matunda yake mekundu yapigayo weusi huliwa. Akichimba, atakuta chini ya udongo shina nene la mti, pamoja na akiba yake ya chakula na macho yake ya kuchipulia, mahali ambapo joto la nyasi ziwakazo, lipitalo upesi na kupanda juu, halifiki ila kwa uchache. Mtaalamu Frank White, alipoandika juu ya mimea ya namna hii mwaka 1976, aliiita misitu ya chini ya ardhi ya Afrika, wala hakutia chumvi. Moto huifanyia hisani kubwa: huondoa nyasi kavu zilizoziba jua, huacha majivu yenye madini, na huufunua udongo upate joto la mchana na baridi ya usiku kuliko hapo kabla.

Lakini tukiinua macho kutoka udongoni, habari hubadilika. Mninga hufungua maua yake ya manjano yenye harufu nzuri kiangazi kinapokwisha, kabla ya mvua, na maua hayo hayakawii kupukutika. Mtundu na jamaa zake wa miombo nao huchanua takriban miezi hiyo hiyo, Septemba hadi Novemba, ilhali maganda yaliyotokana na maua ya mwaka uliotangulia yamekwisha kukomaa, yakapasuka na kurusha mbegu. Mbegu za mtundu hazina subira: huota mvua ya kwanza inyeshapo, wala haziweki akiba ya miaka udongoni. Basi moto wa Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa na upepo ukivuma, huukuta mti katika udhaifu mara mbili, maua yakiwa juu na mbegu zikiwa chini. Moto wa Mei au Juni, nyasi zingali na unyevu, hutambaa kwa unyonge, na aghalabu hauwezi kufika vileleni.

Huko Ndola, katika Zambia ya leo, vilianzishwa mwaka 1933 viwanja vya majaribio, vingine vikichomwa mapema, vingine kwa kuchelewa, vingine vikikingwa na moto kabisa. Colin Trapnell alipoyatangaza matokeo mwaka 1959, ilidhihirika kwamba moto wa kuchelewa uliuangamiza msitu ukaacha nyasi na miti michache sugu, moto wa mapema uliuhifadhi, na kukingwa kabisa kulileta vichaka vizito visivyopukutisha majani. Majaribio hayo yalihusu miti, hayakuhusu maua; walakini vichaka vizito maana yake ni kivuli, na mmea uliozoea jua la ardhi iliyoungua hautarajiwi kuchanua kivulini.

Atasema msemaji kwamba, hata hivyo, salama zaidi ni kupiga marufuku. Sioni hivyo, kwani nyasi zisizochomwa Juni hazitoweki, bali husimama zikingoja cheche ya mrina asali au ya mwenye kusafisha shamba, nayo cheche hiyo huja Oktoba, saa ileile ambayo mninga umevaa maua.

Lililo bora, basi, ni kuupa moto miadi, tena miadi isomwe katika mimea yenyewe: uwashwe nyasi zinapoanza kugeuka manjano, uzimwe kabla macho ya mninga hayajavimba, na kila mwaka sehemu fulani iachwe bila kuguswa, ili miche iliyomo ipate kukua. Mashauri haya yasifanywe bila ya mfuga nyuki aliyetundika mizinga yake mtunduni, kwa kuwa yeye, kabla ya afisa yeyote, hujua mwaka ambao maua yameungua: hufungua mzinga, akakuta masega makavu.