Kabla Mchungaji Franklin Hajapaza Sauti

Mahubiri ya Mchungaji C. L. Franklin, Mbaptisti Mmarekani mweusi, kuhusu tai anayetikisa kiota chake, yaliyorekodiwa mwaka 1953, yanaanza kwa sauti ya chini, kama ya mwalimu aliyeingia darasani. Anataja andiko, Kumbukumbu la Torati 32:11, kisha anafafanua bila haraka kwa nini Mungu afananishwe na tai: ni mfalme wa ndege, ana nguvu, ana kasi, anaona mbali. Kiota kinachotikiswa, anasema, ni historia, na Mungu yumo ndani ya historia hiyo, ikiwamo ya Wamarekani weusi. Baadaye sana ndipo sauti inapoanza kukwaruza, maneno yanashika mdundo, na mhubiri anakuwa kama anaimba huku washirika wakimwitikia.

Wengi hukumbuka mwisho ule. Kwangu mimi, uzito wa mahubiri yale uko mwanzoni.

Mvutano huu kati ya hisia na mafundisho ni wa zamani miongoni mwa Wabaptisti wa Marekani. Katika karne ya 18, wale wa Charleston walipenda ibada yenye utaratibu na wachungaji waliosoma. Wale wa Sandy Creek, North Carolina, walioanza mwaka 1755 chini ya Shubal Stearns, walihubiri kwa machozi na kwa sauti ya kuimba. Watumwa weusi wa Kusini waliguswa sana na mahubiri ya namna hiyo, lakini walikuwa na sababu nyingine ya kuyashika. Majimbo kadhaa yalikataza watumwa kufundishwa kusoma, na mbano ulizidi baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner mwaka 1831. Kwa aliyenyimwa kitabu, mahubiri ndiyo yaliyokuwa Biblia yake na shule yake. Sauti na mdundo vilimsaidia kulibeba neno hadi shambani.

Mfano mzuri ni John Jasper, aliyezaliwa utumwani Virginia mwaka 1812. Aliokoka mwaka 1839 akifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku mjini Richmond, na mtumwa mwenzake akamfundisha kusoma. Baada ya uhuru, mwaka 1867, alianzisha Kanisa la Baptisti la Sixth Mount Zion. Mwaka 1878 akahubiri kwamba jua ndilo linalotembea, akitegemea Yoshua sura ya 10, na mahubiri hayo aliyarudia zaidi ya mara 250. Wachungaji weusi waliosoma waliona aibu. Kuhusu jua, Jasper alikosea kabisa. Lakini waliomcheka kwa kelele zake hawakuona kazi aliyoifanya: alipekua Maandiko aya kwa aya na kuwajengea hoja watu ambao, kama yeye, walikuwa wamezuiwa kusoma.

Aibu hiyo ilimfikia hata kijana Martin Luther King, mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Ebenezer mjini Atlanta. Kelele za kanisani zilimsumbua, hata akatilia shaka kama dini inaweza kuheshimiwa na msomi. Katika Chuo cha Morehouse, wachungaji wasomi Benjamin Mays na George Kelsey walimwonyesha kwamba inawezekana. Desemba 5, 1955, siku watu weusi wa Montgomery walipoanza kususia mabasi, alikuwa na dakika kama 20 tu za kuandaa hotuba ya Kanisa la Holt Street. Baadaye alieleza kilichomsumbua: angesemaje maneno makali ya kutosha kuwaamsha watu, lakini yenye kiasi, yasije yakawatoa katika njia ya Kikristo? Sijui swali zuri kuliko hilo la mhubiri kujiuliza kabla hajapanda mimbari.

Franklin, baba wa mwimbaji Aretha, alijibu swali hilo kwa mpangilio wa mahubiri yake. Alizaliwa Mississippi mwaka 1915, akasoma katika Chuo cha LeMoyne mjini Memphis, na kuanzia mwaka 1946 akachunga Kanisa la New Bethel mjini Detroit. Joe Von Battle, mwenye duka la santuri katika mtaa wa Hastings, ndiye aliyemrekodi. Katika mahubiri ya tai, Franklin anasimulia habari za ndege aliyekulia kati ya kuku hadi mpita njia akamtambua kuwa ni tai. Wasomaji wengi wa Afrika wameisikia hadithi kama hiyo kwa jina la Dk. James Aggrey wa Ghana. Mwenye kuku anamjengea ndege yule kizimba, halafu kikubwa zaidi, na kingine tena, hadi siku mlango unapofunguliwa naye anaruka. Hapo ndipo kanisa linapolipuka. Linalipuka kwa sababu kila aliyeketi mle ameshafundishwa tai ni nani na kizimba ni nini.

Maktaba ya Bunge la Marekani iliingiza rekodi hiyo katika orodha yake ya mwaka 2010 ya sauti za kuhifadhiwa kitaifa. Wahubiri wetu wanaopandisha sauti kabla hata andiko halijasomwa waitafute, na waisikilize kuanzia sentensi ya kwanza.