Mugeni mu nyumba ya sala: kulala kwa watawa Wabudha

Wazee wanasema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Vijana wengi wanasikia hapo neno la kufukuza. Apana. Methali hii inafundisha kwamba mugeni anapokelewa kwanza, kisha naye anashika desturi ya nyumba. Siye hatuko peke yetu kwa jambo hili. Tuangalie watawa Wabudha.

Kwao yote ilianza na mvua. Kule India, karne ya 5 mbele ya Kristo, watawa hao walikuwa watu wa njia, wakiomba chakula kijiji kwa kijiji. Juu wakati wa mvua walikuwa wakikanyaga mimea ya watu, Budha aliwaagiza watulie mahali pamoja miezi 3. Makao yale ya mvua njo yalikuja kuwa nyumba za kudumu. Wale waliokuwa wageni wakawa wenyeji, na wasafiri wakalala kwao.

Ku Japani, mlima Koya ulianzishwa na mtawa Kukai mwaka wa 816. Leo mahekalu yapata 50 pale yanapokea wageni. Mugeni analala chini juu ya godoro, anakula bila nyama wala samaki, na asubuhi mapema anaalikwa kwenye sala. Hakuna anayemwambia abadilishe dini.

Karibu na siye, mtu akipita Kasumbalesa na kushuka mpaka Afrika ya Kusini, kuko hekalu la Nan Hua, ku Bronkhorstspruit, upande wa Pretoria. Watawa wa Taiwan walilianza mwaka wa 1992. Shule yao ya utawa ilifunguliwa mwaka wa 1994, na vijana wa Kongo walikuwa kati ya wanafunzi wa kwanza. Mkristo anaweza kulala pale, lakini nyama, pombe na sigara vinabaki inje.

Wengine watasema: kule mugeni analipa, basi ni hoteli tu. Kweli, ku Koya analipa. Lakini pesa inalipia chakula na kitanda. Haimuondolee mugeni sheria ya nyumba.

Na siye, hapa Kenya? Nyumba ni za kupanga, vyumba ni vidogo. Mwenye nyumba mmoja anamwambia ndugu aliyetoka kijijini kwamba hakuna nafasi, hata ya usiku moja. Kwa mwengine, mugeni anakaa miezi mbele ya televizyo, hata maji hachote. Wa kwanza amesahau zile siku mbili, wa pili amesahau jembe. Tuwafundishe watoto methali nzima.