Postikadi ya Ibadan na Ile Video Yangu ya "Rudi Kwenu"

Wasee, hii posti ni ndefu. Kama uko kwa mathree na simu imebaki asilimia tano, isevu utaisoma ukifika nyumbani.

Mnakumbuka video yangu ya mwaka jana, ile ya "basi rudi kwenu"? Kwa wale hawakuiona: kuna mama mmoja mgeni anaishi Kilimani, anafanya kazi na shirika fulani, na alikuwa ameposti dakika tatu nzima za kulalamika. Maji yanakatika. Mathree zinapiga muziki mpaka madirisha yanatetemeka. Fundi alisema anakuja saa nne asubuhi, akatokea kesho yake saa tisa. Na ile sauti yake sasa, sauti ya mtu aliyechoka kuvumilia watoto wa wenyewe. Mimi nikaichukua, nikaweka uso wangu pembeni, nikamjibu neno kwa neno, na mwisho nikafunga kazi kwa kelele: basi rudi kwenu! Ilitazamwa mara laki tatu. Sijawahi kufika laki tatu kabla ya hapo, na sijafika tena.

Nitairudia hiyo video. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma (chuo niliacha mwaka wa pili, mambo ya karo, ila hakuna aliyenikataza kusoma), na nimegundua kwamba mimi na yule mama wa Kilimani hatukuanzisha kitu.

Twende Ibadan, Nigeria, Oktoba 1961. Nigeria ina mwaka mmoja tu wa uhuru. Sisi huku bado ni koloni, na Kenyatta ndiyo ametoka kizuizini Agosti. Kule Marekani, Rais John F. Kennedy alikuwa ameanzisha Peace Corps mwezi Machi: vijana wa Kimarekani wanatumwa nchi zinazoendelea kufundisha na kusaidia kazi, kwa posho ya kujikimu tu. Kundi la Ghana lilitua Accra mwisho wa Agosti, likaimba kwa Kitwi pale pale uwanja wa ndege, watu wakapenda. Kundi la Nigeria lilipelekwa chuo kikuu cha Ibadan kumalizia mafunzo. Walilala mabweni yale yale na wanafunzi wa Kinigeria, wakala chakula bwalo moja nao.

Kati yao kulikuwa na msichana wa miaka 23. Jina lake liko kwa vitabu, ukitafuta unalipata kwa dakika moja, lakini mimi silitaji. Ametajwa vya kutosha.

Huyu msichana alimwandikia rafiki yake huko Massachusetts postikadi. Kwa wale mmezaliwa juzi, postikadi ni kadi inayotumwa bila bahasha. Yaani ni kama status: anayepita anasoma. Aliandika kwamba pamoja na mafunzo yote waliyopewa, hawakuwa tayari kwa uchafu na hali duni waliyoikuta mjini na vijijini. Kwamba watu wanaishi barabarani, wanapika barabarani, wanauza barabarani, hata haja wanaenda barabarani. Aliandika pia kwamba ukishapita ule mshtuko wa kwanza, kuwa pale kunaridhisha sana. Hiyo sehemu haikushikwa na mtu.

Kadi ilidondoka kabla ya kutumwa. Mwanafunzi mmoja akaiokota. Nakala zikatolewa, zikazungushwa chuo kizima. Hiyo ndiyo skrinshoti ya 1961, na haikuhitaji bando.

Wanafunzi wakafanya mkutano. Wakawaita wale vijana wote majasusi wa Marekani, wakataka Peace Corps nzima iondoke Nigeria. Kwa bwalo, Wanigeria wakakataa kukaa nao meza moja. Msichana akaandika barua ya kuomba msamaha, akajiuzulu, akaondoka nchini. Kennedy mwenyewe alimwandikia kumtia moyo. Na magazeti ya Marekani nayo hayakumwacha.

Sasa mimi swali langu la kwanza lilikuwa: kwani aliandika uongo? Si wote. Kuna watu Ibadan walikuwa wanapika na kuuza kando ya barabara, kama vile ukishuka stage yoyote Nairobi saa hii utapata smokie, mayai na chapo zikipinduliwa hapo hapo. Yeye aliona shida, mwenyeji anaona chakula cha jioni. Lakini angalia ni nani aliyekasirika. Mama aliyekuwa akikaanga akara kando ya barabara sidhani hata aliisikia hiyo kadi. Waliowaka moto ni wanafunzi wa chuo kikuu ambacho kilianza 1948 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, chuo ambacho kina Chinua Achebe na Wole Soyinka walipitia. Hawa hawakuwa wakiishi barabarani. Walikuwa wakila naye meza moja, wakimpitishia chumvi.

Hapo ndipo nilielewa kitu. Kiswahili chetu kina maneno mawili tofauti. Ukiniambia mimi kwamba nyumba yangu ina mende, umelalamika. Ukienda kuwaambia watu wa kwenu kwamba kwangu kuna mende, na mimi nimekupa chai asubuhi hiyo, umenisengenya. Mende ni wale wale. Kinachouma ni kwamba wakati tunacheka pamoja, wewe ulikuwa na watu wengine unaowaeleza habari zangu, na hao ndio unaowahesabu.

Halafu kumbuka anayesema anatoka wapi. Mwaka huo huo wa 1961, mwezi Juni, balozi wa Chad nchini Marekani, Adam Malick Sow, alikuwa njiani kwenda Washington kujitambulisha kwa Kennedy. Akasimama kwa mkahawa kando ya Route 40, pale Maryland, apate kahawa. Wakakataa kumhudumia kwa sababu ni mweusi. Balozi! Sasa wewe ni mwanafunzi wa Ibadan, unajua weusi wanafanyiwa nini Marekani, halafu unaokota kadi inayosema kwenu ndiko hakujastaarabika. Utakula na huyo mtu kweli?

Sisi Wakenya nasi masikio yetu yana sababu zake. Hapa malalamiko ya mgeni hayakuwa maneno tu, yalikuja na kiboko. Ukienda Grogan kutafuta sipea, jua hilo ni jina la mtu. Kirinyaga Road iliitwa Grogan Road, kwa sababu ya Ewart Grogan, mlowezi aliyekuwa mkubwa wa chama cha walowezi. Machi 1907, wanaume watatu Wakikuyu waliokuwa wakivuta vigari vya abiria walilaumiwa kwamba wamewakosea adabu wanawake wa kizungu. Grogan na wenzake wakawaburuta mpaka nje ya mahakama ya Nairobi, wakawachapa viboko mbele ya umati, huku hakimu akijaribu kuwazuia. Alihukumiwa mwezi mmoja, na hata hakuulala kwa jela ya kawaida. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kulalamika ukiwa mzungu.

Na hawakulalamika kwa mdomo pekee. Walikuwa na gazeti. Gazeti la Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na Mhindi, A. M. Jeevanjee (yule yule wa Jeevanjee Gardens, pale wahubiri wanapiga kelele saa saba mchana). Aliliuza 1905, na baada ya hapo likawa mdomo wa walowezi. Mwafrika ni mvivu, Mwafrika anatoroka kazini kabla mwezi haujaisha. Serikali ikasikiza. Ikaja sheria ya kipande, ambayo ilianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: mwanamume Mwafrika anatembea na karatasi ya alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kibati kinachoning'inia shingoni. Malalamiko ya mgeni yakawa kitu cha kuvaa.

Kwa hivyo wakati mtu wa Kilimani anasema fundi amechelewa, kuna kitu ndani yetu kinasikia "wavivu", hata kama yeye hakusema hivyo. Simtetei. Nasema tu sikio linakumbuka mambo ambayo kichwa kimesahau.

Septemba 2018 mnaikumbuka nyote. Mfanyabiashara Mchina wa pikipiki alirekodiwa akigombana na mfanyakazi wake, akasema Wakenya ni kama nyani, mpaka rais wa nchi, na kwamba yuko hapa kwa sababu ya pesa tu. Hayo yalianza kama malalamiko ya bosi, yakaishia matusi ya rangi. Idara ya Uhamiaji ikamkamata na kumrudisha kwao, na mimi hadi leo naona ilikuwa sawa kabisa. Lakini nilikuwa shule ya upili wakati huo, na kwetu kulikuwa na Wachina wakijenga barabara. Wiki hiyo sisi watoto tulikuwa tukipita pale tukiwapigia kelele za nyani. Kulikuwa na mzee mmoja kati yao, kila jioni alikuwa anatugawia peremende, hata Kiswahili alikuwa amejua kidogo. Alikuwa anacheka, akidhani ni mchezo. Barabara hiyo ndiyo napitia nikienda kumwona shosho.

Unaona mtindo? Ibadan aliandika mmoja, wakanyimwa meza wote. Mwenye kulalamika anapanda ndege anaenda. Hasira inabaki inazunguka mtaani ikitafuta mgeni aliye karibu.

Kuna methali tunaipenda sana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sawa. Lakini mtu ukimpa jembe, si ana haki ya kusema mpini umelegea? Sisi wenyewe tunalalamikia maji, stima, mafundi na mathree kuliko mgeni yeyote duniani, hiyo ndiyo kazi yetu huku mtandaoni usiku na mchana. Nina binamu yangu Doha, analinda jengo. Voice note zake kwa grupu ya familia ni malalamiko matupu: joto, bosi, chakula, pasi aliyonyang'anywa. Tofauti ni kwamba akizisema hadharani, anayeumia ni yeye. Mama wa Kilimani wiki iliyofuata aliposti parachichi ya bob ishirini, akisema Nairobi ni mbinguni. Hakuna kilichompata. Na sijui kama mmewahi kugundua: mama wa Kilimani anaitwa ekspati. Binamu yangu anaitwa kibarua.

Sasa nirudi kwa video yangu.

Siku ya kwanza, komenti zilikuwa za kucheka. Siku ya pili zikaanza "wote warudi kwao". Mimi nikazipenda, nikaweka na moyo. Siku ya tatu mtu akauliza, na hawa wa njugu je? Mwingine akaongeza vinyozi Wakongomani. Nikanyamaza, kwa sababu namba zilikuwa zinapanda. Kusema ukweli hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Mnajua vile sauti ya video moja inaweza kuchukuliwa na mtu mwingine akaiweka juu ya video yake. Kama wiki mbili baadaye, rafiki yangu akanitumia moja. Ni stage yetu kabisa, Zimmerman. Kuna Mrundi anauza njugu na mayai ya kuchemsha hapo, amebeba ndoo na beseni lake, kijana mpole, mimi mwenyewe ni kastoma. Vijana wawili wanamfuata na simu. Mmoja anapiga beseni teke kutoka chini, njugu zinamwagika. Juu ya hiyo picha ni sauti yangu: basi rudi kwenu! Na wanacheka.

Nilitoa video yangu usiku huo huo. Haikusaidia, sauti ilikuwa imeshabebwa na watu wengi. Niliripoti ile ya stage, nikajibiwa kwamba haijavunja sheria zozote.

Nilikaa siku nne nikishukia stage ya mbele. Siku ya tano nikamwendea. Nilifikiri labda hajui ni mimi. Alijua, vijana wa boda walikuwa wamemwonyesha. Hakunipigia kelele. Alinifungia njugu za bob ishirini kwa karatasi kama kawaida, halafu kwa kile Kiswahili chake cha Bujumbura akaniuliza, "Dada, mimi nililalamika wapi?"

Nilimwambia pole. Nilijaribu kumwelezea habari ya mama wa Kilimani, na maji, na fundi, na kadiri nilivyoendelea ndivyo ilivyozidi kukosa maana, kwa sababu yeye mwenyewe anaishi Githurai kwa chumba kimoja na wenzake watatu, na maji kwao hayajafika tangu Jumapili. Nikamlipa beseni lote lililomwagika. Alikataa, nikaacha pesa juu ya ndoo.

Siku hizi anauzia upande wa pili wa barabara, karibu na wale mama wa mitumba, mahali ambapo kuna watu wazima wengi. Ukipita Zimmerman jioni utamwona. Njugu zake huwa zimekaangwa vizuri, haziungui.