Masisi na Walikale chini ya Mobutu: ardhi, uraia na utii

Utawala wa Mobutu Sese Seko nchini Kongo, baadaye Zaire, ulioanza Novemba 24, 1965, uliungwa mkono na nchi za Magharibi kwa sababu ulipinga ukomunisti. Chama chake, MPR, kilichoundwa 1967, kikawa chama pekee, na kila Mzaire akahesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Huko Masisi na Walikale, katika Kivu, mashariki mwa nchi, aliyeitii serikali na aliyeinung'unikia walitofautishwa zaidi na mambo mawili: ardhi na uraia.

Mgogoro ulitangulia utawala huo. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walihamishia Masisi makumi ya maelfu ya Wanyarwanda, kwenye ardhi ya Wahunde, ili mashamba ya walowezi yapate vibarua. Baada ya 1959 wakaja wakimbizi Watutsi kutoka Rwanda. Mapigano ya 1963 hadi 1965 kati ya Wanyarwanda na wenyeji, yaliyoitwa Kanyarwanda, yaliacha chuki nzito.

Mobutu alipata wafuasi kwa kugawa alichokuwa nacho. Barthélemy Bisengimana, Mtutsi, aliongoza ofisi ya rais kuanzia 1969 hadi 1977. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia Wanyarwanda waliofika Kivu kabla ya 1960. Sheria ya Julai 1973 ikafanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na Novemba mwaka huohuo mali za wageni zikaanza kukabidhiwa Wazaire. Mashamba mengi ya Masisi yaliangukia wenye pesa na jamaa Kinshasa, wakiwemo Wanyarwanda matajiri, yakageuzwa malisho ya ng'ombe. Wakulima, Wahunde na Wanyarwanda maskini vilevile, walibanwa. Baadhi ya bami, machifu wa jadi, walilalamikia kupotea kwa mamlaka yao. Wengine waliuza ardhi wenyewe.

Sheria ya Juni 29, 1981 ilibatilisha uraia wa 1972, na mizani ikageuka. Wanasiasa wa Kihunde, na wa Kinyanga kutoka Walikale, waliishika kama ngao yao, huku Wanyarwanda wakibaki na hofu ya kunyang'anywa kura na ardhi.

Mobutu aliruhusu vyama vingi Aprili 24, 1990, lakini ushindani ukachochea mgawanyiko. Shirika la Wahutu, MAGRIVI, lilipinga mamlaka ya bami wa Kihunde. Machi 20, 1993, wapiganaji wa Kinyanga na Kihunde waliwaua Wanyarwanda katika soko la Ntoto, Walikale. Mauaji yakasambaa hadi Masisi, Wahutu nao wakilipiza kisasi. Maelfu walikufa na maelfu wengi zaidi walihama. Julai mwaka huo Mobutu alifika Goma na kutuma kikosi chake maalumu, na mapigano yakapungua kwa muda.

Wakimbizi Wahutu wa Rwanda walipoingia 1994, vita viliwaka upya. Mwaka 1996 waasi wa AFDL walisonga mbele dhidi ya Mobutu. Baadhi ya wanamgambo wenyeji, Mai-Mai, waliungana nao, kisha wakawageuka. Mobutu aliondoka Kinshasa Mei 1997. Suala la uraia lilipata sheria mpya Novemba 2004, iliyozitambua jamii zilizokuwa Kongo wakati wa uhuru. Migogoro ya ardhi iliendelea.