Jane Goodall na Mbwa Aliyemfundisha

Jirani na milima ya Vidunda, katika nchi ya Kilosa, iko Hifadhi ya Mikumi iliyotangazwa mwaka 1964. Humo huonekana mbwa mwitu, mnyama ambaye zamani walinzi wa hifadhi nyingi za Afrika walimpiga risasi kwa kumhesabu kuwa mharibifu. Miongoni mwa walioandika kumtetea ni Bibi Jane Goodall na mumewe wa kwanza, Hugo van Lawick. Kitabu chao cha mwaka 1970 kiliwaeleza fisi, bweha na mbwa mwitu kuwa ni viumbe wenye jamaa na malezi. Mumewe wa pili, Derek Bryceson, alikuwa mkuu wa hifadhi za taifa za Tanzania, Mikumi ikiwa mojawapo.

Ulimwengu ulimjua bibi huyu kwa sokwe. Walakini yeye mwenyewe, hata katika uzee wake, alipoulizwa ni mnyama gani ampendaye kupita wote, alijibu kuwa ni mbwa. Sokwe, alisema, amefanana mno na binadamu.

Alizaliwa London tarehe 3 Aprili 1934, akakulia Bournemouth, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Huko alikuwako mbwa mweusi aliyeitwa Rusty, mali ya wenye hoteli ya jirani, ambaye kila siku alikuja mwenyewe nyumbani kwa akina Jane. Jane alisimulia kuwa Rusty alijua haki: akikaripiwa kwa kosa alilolijua, aliomba radhi kwa namna yake, akikaripiwa bure, alinuna mpaka aombwe radhi yeye.

Kwa msomaji wa pwani, ambaye amefundishwa kuwa mate ya mbwa ni najisi, na ambaye kuitwa mbwa ni tusi, habari hizi zaweza kuonekana mzaha. Hazikuwa mzaha. Jane alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 14 Julai 1960, hana shahada yoyote, akawapa sokwe majina kama David Greybeard na Flo. Mwaka 1962 alipokwenda Cambridge kusomea udaktari wa falsafa, wataalamu walimwambia kuwa amekosea: ilimpasa kuwapa namba, wala asitaje tabia, akili na hisia, kwa kuwa hizo ni za binadamu peke yake. Hakuwaamini, maana Rusty alikwisha kumfundisha kinyume.

Mhariri mmoja wa makala yake ya kwanza alifuta kila neno la Kiingereza lililomtaja sokwe kama mtu, akatia lile litajalo kitu. Jane aliyarudisha maneno yake, nayo yakapigwa chapa hivyo. Ugomvi huo usingewezekana katika Kiswahili. Mbwa amekuja, kama mtoto alivyokuja. Hata mwindaji wa milimani amfungiaye mbwa wake nje ya nyumba hana namna nyingine ya kumsema. Sarufi ilikwisha kukata shauri ambalo chuo kikuu kilikuwa kingali kikilibisha.

Katika miaka yake ya mwisho alizunguka dunia akihutubia, na mara nyingi alimtaja Rusty. Alifariki California tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91, katikati ya safari ya namna hiyo.