Mji Uliolikataa Bomba Kubwa

Arcata ni mji mdogo kaskazini mwa jimbo la California, Marekani, wenye wakazi wasiofika 20,000. Maji yake ya kunywa hutoka Mto Mad. Yakishapita jikoni, bafuni na chooni, huishia kwenye Ghuba ya Humboldt, ambako watu hufuga chaza wa kuuza. Ndiyo maana habari ya majitaka mjini hapo haikuwa kamwe ya mafundi peke yao: kinachomwagwa ghubani kinaweza kurudi mezani.

Hadi 1949 majitaka yalimwagwa ghubani bila kusafishwa. Mwaka huo ukajengwa mtambo wa kwanza wa kutenga uchafu mzito. Mwaka 1957 yakafuata mabwawa ya wazi ya ekari 55, ya kupigwa jua na upepo, na mwaka 1966 ikaongezwa klorini ya kuua vijidudu.

Kisha mwaka 1974 jimbo likatoa sera mpya: majitaka, hata yaliyosafishwa, yasimwagwe tena kwenye ghuba na midomo ya mito. Mpango uliopendekezwa ulikuwa miji ya kandokando ya ghuba iungane, majitaka yao yasafirishwe kwa mabomba hadi mtambo mmoja mkubwa, na kutoka hapo yatupwe bahari kuu. Arcata ikakataa. Gharama yake ilitisha, na wako walioona ni hasara kuyatupa maji yenye rutuba.

Sera hiyo ilikuwa imeacha mlango mmoja wazi. Mji ungeruhusiwa kuendelea endapo ungethibitisha kwamba maji yake yanainufaisha ghuba. Kwa maoni yangu, historia nzima ya Arcata imesimama juu ya kifungu hicho, kwa sababu kuna watu waliokisoma wakakishikilia.

Mmoja wao alikuwa na ushahidi tayari. George Allen, mhadhiri wa uvuvi katika chuo kikuu cha hapo, alikuwa akilea samaki wachanga aina ya samoni ndani ya maji ya bahari yaliyochanganywa na majitaka yaliyosafishwa. Mwenzake, mhandisi Robert Gearheart, akaja na wazo la matete. Majaribio yakaendeshwa kuanzia 1979 hadi 1982.

Wazo lenyewe ni rahisi, na linastahili kutazamwa kwa karibu. Udhaifu wa mabwawa ya wazi ni mwani: jua linalosaidia kusafisha maji ndilo hilo hilo linaloyajaza ukijani, na ukijani huo ukifika ghubani ni uchafu tena. Maji yakiingia kwenye matete, mwani unakosa mwanga, unakufa na kuzama. Shika shina lililozama utahisi utelezi. Huo utelezi ni bakteria waliojishikiza hapo, wakila uchafu uliobaki. Nchini Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameitumia njia hii kusafisha majitaka ya shule na vyuo, na joto letu huwasaidia bakteria hao kufanya kazi haraka zaidi.

Jimbo liliporidhika, mfumo kamili ukaanza kazi mwaka 1986. Ulijengwa ufukweni, mahali palipokuwa na dampo la zamani na viwanja vya magogo vilivyoachwa na viwanda vya mbao. Leo ni hifadhi ya ekari 307 ambako zaidi ya aina 300 za ndege zimeonekana, na watu wa mjini hufanya mazoezi ya kukimbia kando ya majitaka yao wenyewe bila kuziba pua. Kimoja cha vinamasi vyake vya matete kina jina la Allen, kingine la Gearheart.

Kinachoutishia mfumo huo sasa ni bahari. Ardhi ya pembezoni mwa ghuba inadidimia huku maji yakipanda, na mabwawa na vinamasi vyote vimekingwa na matuta yaliyo chini mno. Madiwani wa Arcata wanapaswa kuamua ama kuyainua matuta hayo, ama kuuhamisha mtambo kwenda mahali pa juu, mbali na ghuba ambayo watangulizi wao walipigania kubaki nayo.