Kubuni Mchezo si Mchezo



Nimeombwa niandike habari ya historia. Nimechagua historia ya michezo ya mashine, ile ya kutumbukiza sarafu na kucheza kwenye kioo cha televisheni. Nimewasikia vijana wakisema kwamba kubuni vitu kama hivyo ni kazi ya watu wenye mitambo ya kila aina. Historia haikubaliani nao.

Sisi wa zamani hatukuyaona mambo hayo yakitokea. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na burudani yetu chini ya milima ya Nguru ilikuwa mpira na bao. Habari za wabunifu hao nilizisoma ukubwani.

Mwaka 1972, huko California, mhandisi kijana Allan Alcorn wa kampuni ya Atari alipewa na mkuu wake, Nolan Bushnell, zoezi la kutengeneza mchezo wa mpira wa meza. Ndio ukawa Pong. Ndani yake hamkuwa na kompyuta, ila saketi na televisheni ya dukani. Alcorn alikigawa kibao cha kupigia sehemu nane, ili mpira urudi kwa pembe mbalimbali. Kwa kasoro ya saketi, vibao havikufika juu kabisa ya kioo. Aliiacha makusudi, kwani bila mwanya ule mafundi wawili wangecheza bila kumaliza. Mashine ya kwanza iliwekwa katika baa mjini Sunnyvale, na haukupita muda ikagoma. Alipoifungua, alikuta kisanduku cha sarafu kimefurika.

Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, alitoa Space Invaders. Vifaa vya kuutengenezea mchezo huo alijiundia mwenyewe. Maadui 55 waliilemea kompyuta yake, wakatembea polepole. Kila walipopungua, waliobaki wakaenda mbio. Nishikado hakuuona udhaifu huo kuwa aibu. Aliufanya kanuni ya mchezo: unapokaribia kushinda, ndipo hatari inapozidi.

Mwaka 1980 ukaja Pac-Man wa Toru Iwatani, wa kampuni ya Namco. Yeye aliona vyumba vya michezo vimejaa wanaume na vita, akataka wanawake nao waje. Alianza na neno moja tu: kula. Kisha akaweka mizuka minne, kila mmoja na tabia yake. Mmoja hufuata nyuma, mwingine huwahi mbele.

Neno hilo "kula" mcheza bao haelezwi maana yake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 akiba, naye huziingiza mojamoja wakati wa namua, kabla ya kufika mtaji. Asiyeweza kula hutakata. Hakuna dadu wala bahati. Aliyepanga hivyo alifikiri sawasawa na Nishikado: vitu vichache, kanuni chache, na mashaka mpaka mwisho. Vifaa vyake vilikuwa ubao na mbegu za mkomwe.

Tofauti ni moja, nayo inaniuma. Alcorn, Nishikado na Iwatani tunawajua kwa sababu walieleza kazi zao, kwa nini waliacha hili na kuongeza lile. Aliyetunga namua hatumjui hata jina.

Basi vijana, msingoje mitambo. Buni mchezo kwa ulicho nacho, uwachezeshe wenzako, tazama wanapochoka, urekebishe. Halafu andika kanuni zake daftarini, na jina lako chini. Nasi wazee tuliojifunza bao kwa kutazama, tuwafundishe na kuwaandikia kanuni hizo tungali hai.

Wasalaam.